Kwao Pamechimbwa

Chumba kilinuka mvua.

Si harufu ya bomba la AC lililopasuka, ile inayonuka vumbi na chuma. Mvua yenyewe: udongo uliokunywa ukashiba, majani yaliyoozea chini ya majani mengine, magome ya miti. Kerubo alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kufutia fremu, akavuta pumzi mara mbili, akajiambia ni akili tu. Nje ilikuwa Agosti ya mwaka 2014, nyuzi arobaini na saba, na upande huu wa Lusail wingu lilikuwa kama mgeni wa serikali: unasikia atakuja, humwoni.

Akatazama kipima unyevu ukutani. Kazi yake, kama unataka kuiita kazi, ilikuwa kuhakikisha sindano haipiti hamsini. Sindano ilisimama tisini na moja.

Akaenda langoni kumwambia Gerishon, mlinzi, ambaye alikuwa amevua viatu kibandani na kuelekeza feni kwenye nyayo.

"Hiyo saa ya jasho imekufa, manze," Gerishon alisema bila kufungua macho. "Ipige kofi kidogo. Hata mimi nikilala pale ndani kwa hiyo baridi ningesema tisini."

"Nikiipiga ikavunjika?"

"Utaandika statement. Wewe si ndio msomi."

Hilo lilikuwa neno lake la kumchoma, na lilichoma kweli. Kerubo alikuwa na digrii ya sanaa, second upper, na tasnifu ya kurasa tisini kuhusu wachoraji wa mandhari wa Ulaya wa zama za kimahaba, wale waliolia juu ya milima na misitu huku viwanda vya wajomba zao vikiikata misitu hiyohiyo kupata makaa. Miaka mitano alitarmac Nairobi akitafuta kazi. Bahasha ya vyeti ikachakaa pembe, na kila ofisi ikamwambia tutakupigia. Aliyempigia mwishowe ni ejenti. Kazi ya gallery, Qatar, accommodation juu yetu. Alipofika akapewa kitambaa na ndoo, akaonyeshwa picha moja kubwa ndani ya jumba la tajiri, akaambiwa asiiguse turubai. Fremu tu. Dunia nayo hupenda mzaha: binti alisomea kitu miaka minne, akasafiri nchi tatu, ili akipanguse vumbi pembeni.

Picha yenyewe ilikuwa pana kama kitanda cha bwana harusi. Korongo la mlima, misonobari myeusi, ukungu, na njia nyembamba iliyoshuka hadi kwenye kinywa cha giza kati ya miamba. Ila ilikuwa na jambo moja ambalo Kerubo aliliona siku ya kwanza akalinyamazia, maana nani angemuuliza. Wachoraji wa namna ile huweka mtu mdogo mahali fulani, amekupa mgongo, ili ujue ulivyo kisoda mbele ya mlima. Picha hii haikuwa na mtu. Ilikuwa kama kiti kilichoachwa wazi.

Mzee mwenye nyumba alikuwa na malori. Malori yake ndiyo yaliyochimba mchanga wa pande hizi, yakausogeza hapa, yakaumwaga kule, mpaka ardhi ikasahau jina lake. Halafu mzee huyohuyo akanunua msitu wa Wazungu akautundika ukutani ili wageni wake wahisi baridi. Sasa alikuwa Ulaya na familia yake yote, wamekimbia joto. Nyumbani wamebaki wanne: Kerubo, Gerishon wa getini, Hidaya wa usafi na jikoni, na Suleimani dereva. Hidaya na Suleimani wote watu wa Tanga, wakigombana kila siku kuhusu nani ni wa mjini.

Ilikuwa Jumatano, saa sita na robo mchana. Ile saa ambayo sheria inawakataza wafanyakazi wa nje kugusa koleo mpaka saa tisa, na kwenye viwanja vya jirani makatapila yalikuwa yamenyamaza, shingo zimeinama. Kerubo alikuwa amepiga magoti, anafuta pembe ya chini ya fremu.

"Hodi," Hidaya alisema nyuma yake.

"Karibu. Ama unataka red carpet?"

Hakuna aliyeingia. Kerubo akageuka. Mlango ulikuwa wazi, korido tupu, na vigae vyake vinang'aa hadi mwisho. Alipogeukia picha tena, mgongo wake ulipata ubaridi mmoja mwembamba, kama mtu aliyepita karibu akiwa ametoka kuoga.

Akateremka jikoni. Hidaya alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya mchele hadi kwenye viwiko.

"Umeniita, halafu ukapotea."

"Mimi? Tangu saa tano niko na mchele huu, una mawe kama wa msaada."

"Si umepiga hodi sasa hivi."

Mikono ya Hidaya ikatulia majini. "Ilipigwa mara ngapi?"

"Moja."

"Na weye ukafanyaje?"

"Nikasema karibu. Mtu akipiga hodi unamjibu nini, no comment?"

Hidaya hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka hata msibani. Alifunga bomba kwanza, akajifuta mikono kidole kwa kidole.

"Dada Kerubo, kwetu hata mtoto wa miaka minne analijua hili. Jua likiwa utosini, hodi moja haijibiwi. Unangoja. Mja hupiga tatu, ndiyo adabu yake. Kiumbe hapigi zaidi ya moja, kwa kuwa haombi. Anatega tu."

"Kwetu Kisii ukipiga hodi mara tatu watu wanatorokea dirishani, wanadhani ni polisi."

"Basi," Hidaya alisema polepole, "ndiyo maana amekuja kwako."

Alhamisi asubuhi Hidaya alichelewa kuamka. Alipotoka chumbani mtandio wake ulikuwa umelowa, maji yanachuruzika hadi kwenye mabega ya yunifomu yake ya bluu. Alisema ameoga. Sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki mnong'ono mkavu, kama karatasi ya kufungia sukari. Kerubo alimshika mkono akaurudisha haraka: ulikuwa mkono wa samaki aliyetoka friza. Na katika mkunjo wa mtandio, juu kidogo ya sikio, palikuwa na kijani kimoja chembamba, kirefu, chenye ncha kama sindano. Jani la msonobari. Qatar nzima mtu atautafuta msonobari kwa gari na asiuone.

Saa sita Kerubo alipanda gallery peke yake. Harufu ya mvua ilimpokea kwenye ngazi. Aliiangalia picha kama unavyoangalia kidonda, kwa jicho la pembeni kwanza.

Njiani, pale juu ambapo njia huanza, palikuwa na mtu.

Mdogo, hakupita ukucha wa kidole gumba. Amempa mgongo. Yunifomu ya bluu, mtandio mweupe.

Kerubo aliusogeza uso wake hadi pumzi ikagusa turubai, akatafuta kosa la mtu aliyefanya utani, rangi mbichi, alama ya brashi ya kisasa. Hakupata. Rangi ilikuwa na nyufa za miaka mia mbili, nyufa zile zile zilizopita kwenye mwamba zikapita kwenye bega la Hidaya, zikaendelea.

Alitoka mbio. Kupitia dirisha la ngazi alimwona Hidaya nje, amesimama uani katikati ya jua, bila kivuli cha ukuta, bila mwavuli, anaangalia makatapila ng'ambo ya uzio. Gerishon alikuwa akimwita kutoka kibandani, "Sista, utaungua," naye hakugeuka. Joto lile lilikuwa la kumkamua mtu kama chungwa. Uso wa Hidaya ulikuwa mkavu, haukuwa na tone la jasho.

Suleimani aliambiwa usiku huo, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo lilimtisha Kerubo kuliko yote. Baba yake Suleimani alikuwa mwalimu wa madrasa na msomaji wa watu walioingiliwa. Mtoto alikimbia urithi huo akaja Doha kuendesha magari, kwanza tipa za mzee, sasa Land Cruiser.

"Uliikaribisha sauti ya Hidaya," alisema. "Hukumkaribisha Hidaya. Sasa sauti ni ya huyo. Amekaa ndani ya mwenzetu, na mwenzetu anahamishiwa alikotoka yeye, mle pichani. Yule mtu kwenye picha anatembea?"

"Amesimama."

"Kesho mwangalie."

Ijumaa mtu mdogo alikuwa katikati ya njia. Kati yake na kinywa cha giza palibaki urefu wa kiberiti.

"Akiingia mle?" Kerubo aliuliza.

"Tutabaki na nguo zake tu zinazotembea," Suleimani alisema.

Baada ya swala ya Ijumaa walimkalisha Hidaya chumba cha kufulia, juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya mashine mbili. Kerubo alifunga mlango akauegemea. Suleimani alisoma. Alikuwa na sauti nzuri, ya baba yake bila shaka, na mwanzoni kilichosikika ni hiyo tu na maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo la gauni la Hidaya, tone, tone, tone, ingawa gauni lilikuwa limebadilishwa dakika kumi zilizopita. Kisha Hidaya akainua kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa yake wala ya mwanamke, ilikuwa ya mzee, pana, kavu, Kiarabu cha huku huku Ghuba.

"Wēn bēti?"

Kiarabu cha Kerubo kilikuwa cha sokoni na cha kuombea ruhusa, lakini hicho alikielewa. Nyumba yangu iko wapi.

"Rudi kwenu," Suleimani alisema. "Kwa jina la Aliyekuumba, mwache mja huyu, urudi kwenu."

Hidaya akatabasamu. Aliponena tena ilikuwa sauti yake mwenyewe, laini, ya Tanga, ya kumwita mtu chakula, na hapo ndipo nywele za Kerubo ziliposimama.

"Kwetu wapi, kaka Suleimani? Mwaka juzi si weye uliyekuwa na tipa namba kumi na tisa? Ulikuja alfajiri na wenzio. Palikuwa na mkunazi. Ulishuka ukakojoa penye shina lake, kisha ukarudisha gari nyuma, wakakujazia. Nilikuwa ndani ya mchanga ulioubeba, nikabaki kujisitiri kwenye ile picha ya ukutani. Basi nambie, ulinimwaga wapi?"

Suleimani alifunga msahafu. Alimtazama Kerubo kwa macho ya mtu aliyekamatwa, akasema kwa mnong'ono, "Jini hufukuzwa kwenda kwao, dada. Huyu kwao pamechimbwa. Nimfukuze aende wapi?"

Mashine ya kufulia, ambayo haikuwa imewashwa, ilizunguka nusu duara na kusimama.

Hapo Kerubo alipandwa na hasira. Hofu ilibaki pale pale, ila hasira ilikuja juu yake, hasira aliyoijua vizuri: ya kukaa kwenye viti vya mapokezi, ya kufukuzwa kila mlango bila kuambiwa aende wapi. Akasogea hadi mbele ya ile ndoo.

"Kulikuwaje?" aliuliza.

Kitu kilichokuwa ndani ya Hidaya kiligeuza macho.

"Kwako. Kulikuwaje? Nielezee. Mimi nachora. Watu hawataki kunilipa kwa hilo lakini ndilo ninalolijua. Nikipachora kwako kama palivyokuwa, utamwacha?"

Maji ya pindo la gauni yakaacha kudondoka.

"Kesho," sauti ya mzee ikasema kwa Kiswahili, ikijifunza neno. "Jua likiwa utosini."

Chini ya kitanda chake Kerubo alikuwa na kopo la rangi alizonunua duka la vifaa vya shule pale Fereej Bin Mahmoud, mwezi wake wa kwanza, alipokuwa bado anajidanganya. Nusu zilikuwa zimekauka. Turubai hakuwa nayo. Alibandua ubao wa kreti lililoletea picha kutoka Ulaya, akaupaka chokaa ya ukutani, akaupandisha gallery Jumamosi saa tano na nusu, Suleimani akimsaidia huku anasoma chini ya pumzi. Hidaya, au aliyekuwa amevaa umbo la Hidaya, aliwafuata ngazi kwa ngazi, nyayo zake zikiacha maji.

Mtu mdogo alikuwa mbele ya kinywa cha korongo. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya weusi, hauonekani.

"Anza," Suleimani alinong'ona. "Dada, anza."

Kerubo alianza kama alivyofundishwa, upeo wa macho juu, mlima nyuma, mwanga mkubwa ukipasua mawingu, na kitu kile kikamjia mgongoni, karibu kabisa, pumzi yake baridi ikipita sikioni, kikasema la. Hapakuwa na mlima. Palikuwa chini, bonde dogo kama kiganja kilichokunjwa, maji ya mvua yanakusanyika humo siku kumi kwa mwaka, majani yanaota wiki tatu, kisha basi. Akafuta. Kikasema mkunazi uliinamia kusi. Kikasema la, tawi la chini lilikuwa limevunjika, ngamia alilivunja. Akalivunja. Kikamwonyesha mawe, jiwe kwa jiwe, kwa kidole cha Hidaya kilichokuwa kikipauka kadiri kilivyoelekeza, na kila Kerubo alipotupa jicho kwenye picha kubwa mtu mdogo alikuwa amepungua, goti limezama, nyonga imezama, ukungu unamshuka begani, na nje hakuna sauti ya mashine wala ya ndege wala ya gari, Lusail nzima imelala chini ya jua kama maiti chini ya shuka, na harufu ya majani ya mkunazi ikajaa chumbani, majani ambayo Suleimani aliyatambua mara moja kwa kuwa ndiyo wanayooshea wafu kwao, akaacha kusoma, akaanza kulia bila kutoa sauti, na Kerubo hakuthubutu kulia kwa kuwa mkono ungetikisika, na mkono ukitikisika tawi litakosewa, na tawi likikosewa itabidi aanze upya, na pale kwenye korongo palikuwa pamebaki mtandio tu, doa jeupe dogo kama punje ya mchele.

"Rangi ya udongo," kikasema. "Si hiyo."

"Sina nyingine."

"Si hiyo."

Kerubo akateremka ngazi mbili mbili, akatoka hadi uani, akauchota mchanga chini ya uzio kwa ngumi, ukamuunguza, akarudi nao. Akauchanganya na gundi, akaupaka kwa vidole.

Kitu kile hakikusema la. Kisha kikatoa sauti ambayo Kerubo hakuwahi kuisikia kwa mtu wala mnyama, ndogo, ya chini, kama maji yanaponywewa na ardhi kavu. Ubao wa kreti ulilowa wote kwa mara moja na ukakauka kwa mara moja.

Adhana ya alasiri ikaanza mbali. Hidaya akaanguka.

Walimgeuza chali. Uso wake ulikuwa unatoka jasho, jasho la kweli, linatiririka masikioni, na Suleimani alilipangusa kwa mkono wake kama mtu aliyepewa zawadi. Kwenye korongo la Wazungu njia ilikuwa tupu tena.

"Miguu inaniuma," Hidaya alisema kwa sauti yake mwenyewe, imechoka. "Nimetembea sana. Nani amechukua viatu vyangu?"

Jioni ileile Suleimani aliupakia ubao kwenye Land Cruiser, umefungwa blanketi, akaupeleka kaskazini kupita Al Khor, mahali alipojua kuna mkunazi ambao bado haujapata mwekezaji. Aliuegemeza shinani akarudi bila kutazama kioo cha nyuma. Kerubo aliandika barua ya kuacha kazi mara tatu, akaichana mara tatu, kwa kuwa pasipoti ilikuwa kwa mzee na mzee alikuwa Ulaya.

Siku nane zikapita vizuri. Sindano ilirudi arobaini na nane. Hidaya alirudi kuusema mchele, akawa anamsimulia Kerubo mambo ya kwao huku akimtania kwamba amemwokoa lakini kupika hajui. Walikuwa jikoni wawili hao, Jumapili, saa sita na kitu, Hidaya anamenya vitunguu, mlango wa uani ulipofunguka na Gerishon akaingia.

Hakusema manze. Hakusema wasee kuna nini ya kudishi, kama kila akija na njaa. Alisimama kwenye vigae na viatu vyake vikatoa maji, maji mengi, yakatambaa hadi miguuni kwa Kerubo, nayo yalinuka chumvi na lulu mbichi na matope ya pwani. Katika kola yake ulining'inia utepe wa mwani.

"Ya bint," alisema, kwa sauti ya mwanamke mzee. "Tumesikia kuna fundi."

Kisu kilimtoka Hidaya mkononi. Kerubo alimvuta nyuma yake, hadi migongo yao ikagusa friji. Kupitia mlango uliobaki wazi aliona lango la nje, nalo lilikuwa wazi pia, na barabarani, katika saa ile ambayo sheria imekataza mtu kufanya kazi juani, wafanyakazi wa viwanja vya jirani walikuwa wamesimama foleni. Kofia za njano, kofia za bluu, kofia nyeupe. Wanepali, Wabangali, Waganda. Wamenyamaza, wamenyooka, kila mmoja katika dimbwi lake, na foleni ilipita kona ya uzio, haikuonekana mwisho.

"Mko wangapi?" Kerubo aliuliza, na hakuitambua sauti yake.

Kile kilichokuwa ndani ya Gerishon kilifikiri, kwa uungwana kabisa, kama mteja aliyeulizwa swali la haki.

"Tuliochimbiwa kwetu kuanzia barabara ya kwanza," kikasema, "au kuanzia leo?"